Miche ya Wenyeji

Juzi nilishuka mjini kununua dawa za presha, na nilipovuka daraja la Themi nikakuta watu wamepanga miche kando ya barabara, chini ya turubai jeupe. Bango lilisema ni mauzo ya miche ya asili, kwa ajili ya kutunza mto. Vijana wa chuo waliovaa fulana za kijani walikuwa wakiwaeleza wapita njia habari za mringaringa na msesewe. Walikuwa na adabu. Binti mmoja alinipa shikamoo, akaniwekea mkononi kiriba, kifuko cha nailoni chenye mche, ili nione jinsi mizizi ilivyokaa, na harufu ikanifikia: udongo wa msituni, samadi iliyokwisha kupoa, nailoni iliyolowa. Kisha akaniambia wanahitaji watu wazima wa kuwasaidia Jumamosi. "Mama, ungependa kujitolea?"

Nilimrudishia kiriba chake nikaondoka. Hata asante sikusema. Nilitembea kama mtu aliyetukanwa sokoni, nikapita duka la dawa bila kuliona. Yule binti hakunikosea kitu. Neno lake ndilo lenye kesi na mimi, na kesi hiyo ni ya siku nyingi.

Wa rika langu mtakumbuka miaka ile maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalipoanza kujaa tena. Sabuni za rangi zilirudi, biskuti zikarudi, na mitumba ikawa inamwagwa chini kwenye maturubai kule Usa River siku za soko, watu wakiinama juu yake kama kuku juu ya mtama. Sisi watoto tulifurahi. Mama yangu hakufurahi. Alikuwa fundi cherehani, na kabla ya hapo wanawake walikuwa wakimletea vitambaa vya vitenge na kanga, wanasubiri zamu mpaka Krismasi. Mitumba ilipokuja, nani angesubiri? Gauni la Ulaya, lililokwisha kushonwa, kwa bei ya uzi. Cherehani ya mama ilibaki barazani imefunikwa shuka, na mama akawa na mikono isiyo na kazi. Mikono yake haikuzoea hivyo.

Tulikuwa tumehamia huko kutoka Sakina, Arusha mjini. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha serikali mjini, na alinunua kiwanja kwa mzee wa Kimeru, juu kidogo ya Usa River, mahali ambapo asubuhi unauona Mlima Meru mzima na mchana umekwisha kujifunika mawingu. Sisi ni Wachaga wa Machame. Majirani zetu wote walikuwa Wameru. Mama hakuona taabu yoyote, kwa sababu Kimachame na Kimeru ni lugha ndugu, na rafiki yake mkubwa pale, Mama Elirehema, aliongea naye, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na wote wawili wakaelewana. Walikuwa wanacheka sana pamoja. Mama Elirehema alikuwa mnene, mwenye sauti ya kwaya, na kila nilipompa shikamoo aliniita "mwanangu" na kunitafutia kitu cha kunipa mfukoni mwa aproni yake, hata kama ni punje za mahindi ya kuchoma zilizopoa. Nilimpenda kuliko shangazi zangu.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Huko nilikuwa "mtu wa kuja". Hawakuniita hivyo kila siku, ila ilitosha wakati wa kugombania nafasi ya kuruka kamba au zamu ya bomba mtu aseme, "Huyo si wa hapa, ni wa kuja," na kila mtu alielewa kwamba mjadala umekwisha.

Chemchemi iliyokuwa inatunywesha ilianza kupungua. Ilifika mahali tunakinga maji kwa kikombe na kumimina kwenye ndoo, kikombe baada ya kikombe, huku foleni ikirefuka nyuma. Wazee walisema watu walikata miti ya asili iliyokuwa imezunguka pale, wakapanda mikaratusi kwa ajili ya nguzo, na mikaratusi inakunywa maji kama ng'ombe. Ndipo mama na Mama Elirehema, wakiwa kwenye foleni hiyohiyo, walipopata wazo: waoteshe miche ya asili, wawauzie watu wakati wa mvua, na fedha zitakazopatikana zinunue mabomba ya kuleta maji kutoka juu, mpakani mwa msitu, hadi uwanja wa kanisa. Usharika uliwapa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya mwinjilisti. Basi. Hawakupewa kitu kingine.

Viriba havikupatikana. Mama alikwenda kwenye shamba moja la maua akaomba mifuko ya nailoni ya ndani ya magunia ya mbolea, akaiosha mtoni, akaikata, akafunua cherehani yake na kuvishona viriba kimoja kimoja kwa uzi mweusi. Ninaikumbuka sauti ya cherehani ile ikipita kwenye nailoni, ilikuwa inakwaruza meno. Kidole chake cha shahada kilikuwa na alama za sindano. Mama Elirehema alileta samadi ya ng'ombe wake, wanawake wengine wachache wakaleta udongo na mchanga wa mto, na sisi watoto tukatumwa kuokota matunda ya mringaringa chini ya miti michache iliyobakia kwenye makorongo. Matunda yale yananata kama kamasi. Unayasugua na majivu mpaka mbegu itoke, na jioni vidole vimegandana, na ukila ugali unasikia utamu usio wa ugali.

Jumapili moja mwinjilisti alitangaza kazi ile kanisani. Alisema, "Tunaotesha miti ya wenyeji tu. Hii miti ya kuja ndiyo iliyotukaushia maji."

Nilikuwa nimekaa katikati ya baba na mama, na masikio yakaniwaka moto. Nilikuwa mtoto, nilikuwa sijui kwamba miti nayo ina wenyeji na wageni wake katika maneno ya wakubwa. Niliyajua maneno hayo mahali pamoja tu, uwanjani shuleni. Nikaangalia kama kuna aliyegeuka kututazama. Nikapiga hesabu zangu za kitoto. Kama miti ya kuja inang'olewa kwa sababu imekausha maji, na mama ametangulia mbele kuotesha ya wenyeji, basi mama anafanya hivyo ili sisi tusing'olewe. Akishaotesha ya kutosha, tutahesabiwa. Tutakuwa wa hapa.

Basi nilifanya kazi. Nyie hamjui mtoto anavyoweza kufanya kazi akiwa na siri kama hiyo. Nilibeba maji kabla ya shule na baada ya shule. Nilijaza udongo kwenye viriba mpaka kucha zikapasuka. Wenzangu walikimbilia kucheza, mimi nilibaki kung'oa magugu, na Mama Elirehema akaniambia, "Mwanangu, wewe utaolewa na kitalu." Baba hakupenda. Kiwandani kwao mishahara ilikuwa imeanza kuchelewa, watu wanaambiwa wakae nyumbani, na alipotukuta tunarudi na matope mpaka magotini alimwambia mama, "Hiyo kazi ya kujitolea. Mtu anayefanya kazi bure hufukuzwa bila notisi."

Mama alicheka. "Nani atanifukuza kwenye kitalu changu?"

Siku moja tukiwa tunahamisha miche kutoka kwenye tuta kwenda kwenye viriba nilishindwa kuvumilia. Nikamwuliza mama, "Tukishauza hii yote, tutakuwa wenyeji?"

Alikuwa ameshika mche kwa majani mawili, mizizi inaning'inia. Hakuuweka kwenye kiriba. Aliushika hivyo kwa muda mrefu mpaka nikaona majani yanaanza kulegea.

"Nani amekuambia sisi si wenyeji?"

Sikumtaja mtu. Alichimba shimo kwa kijiti, akaupanda ule mche, akaugandamiza udongo kwa dole gumba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Umezaliwa Mount Meru, hospitali ile ya mjini," alisema. "Unakunywa maji ya Meru. Usiniulize tena swali kama hilo."

Mauzo ya kwanza yalifanyika Jumamosi ya mwanzo wa masika, kwenye uwanja wa kanisa. Watu walikuwa wamesema hakuna atakayenunua mti ambao ndege anaupanda bure, lakini walikuja. Walikuja wanawake na mayai kwenye vikapu, wakabadilishana. Aliyekuwa hana kitu mama alimwambia achukue mche na alete samadi baadaye. Alikuja Singasinga mmoja mwenye karakana ya magari mjini, mzee mwenye kilemba cha bluu, akasema babake alipofika Arusha mringaringa zilikuwa zimejaa kando ya mto na yeye mwenyewe alizikwea akiwa mtoto, akajaza miche kwenye pikapu. Wasimamizi wa mashamba ya maua walinunua za kuzungushia uzio. Jioni uwanja ulibaki na majani yaliyokanyagwa tu, na mama na Mama Elirehema walikaa chini, migongo imeegemeana, wamechoka hata kucheka. Fedha zilikabidhiwa kwa usharika na mabomba ya kwanza yakaanza kununuliwa.

Habari zikafika mbali. Hizo ndizo siku neno "mradi" lilipoanza kuzaa kila mahali kama panya. Wafadhili walikuja na gari jeupe lenye antena ndefu. Mama mmoja wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe na viatu vizito, alizunguka kitalu, akapiga magoti chini kuangalia viriba vilivyoshonwa kwa uzi mweusi, akampiga picha mama yangu ameshika kimoja. Alisema kupitia mkalimani kwamba watasaidia. Ila lazima iwepo kamati, na msimamizi wa kitalu atakayelipwa posho kila mwezi.

Kwa hiyo ukaitishwa mkutano kwenye darasa la kipaimara. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilibeba kreti yenye miche ya kuonyesha. Mzee Anaeli ndiye aliyeongoza. Alikuwa karani mstaafu na mzee wa kanisa, mtu wa koti na kalamu mfukoni, na katika msimu wote ule sikuwahi kumwona akishika udongo. Alizungumza vizuri. Aliwashukuru akina mama. Aliposhukuru alituangalia sisi, na mama akainamisha kichwa kidogo kama inavyopasa. Halafu akasema, "Sasa, ndugu zangu, mradi huu ni wa miti ya wenyeji. Nadhani mtakubaliana nami kwamba mradi wa wenyeji uongozwe na wenyeji."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida, kama mtu amesema utani mzuri. Mzee Anaeli naye alitabasamu, akangoja kicheko kiishe, akataja majina. Kamati yote ilikuwa ya wazee wa kanisa. Msimamizi wa kitalu, yule wa posho, alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Anaeli, kijana aliyekuwa amemaliza shule juzi na kukaa kijiweni.

Mama aligeuza kichwa. Alikuwa anamtazama Mama Elirehema, aliyekaa benchi la mbele yetu kidogo, pembeni. Mama Elirehema alikuwa mwenyeji wa wenyeji, ukoo wake ndio uliotoa ardhi ya kanisa lile. Neno moja kutoka kwake lingegeuza mkutano. Mzee Anaeli alikuwa shemeji yake. Niliuona mgongo wake mpana, nikaona mabega yanapanda kama mtu anayevuta pumzi ya kuimba, nikajua sasa anasimama. Mabega yakashuka. Akaanza kunyoosha kitambaa chake cha kichwa.

"Na wewe Mama Ndeshi," Mzee Anaeli alisema, akimaanisha mama, maana Ndeshi ni mimi, "tunakuomba uendelee kujitolea kama kawaida. Mungu atakulipa."

Nimeishi muda mrefu baada ya siku ile na nimesikia matusi ya kila aina, ya stendi na ya ofisini. Sijasikia tusi kama hilo. Kumfukuza mtu ni jambo moja. Hawakumfukuza. Walimwomba aendelee kubeba maji, na kijana wa kijiweni alipwe kwa kumtazama akibeba.

Nilivyoelewa mimi, tulikuwa tumeshindwa mtihani. Nilidhani miche haikutosha. Usiku nililia kitandani nikifikiria viriba nilivyoacha kujaza siku nilizocheza. Baba barazani alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Nilikuambia. Nilikuambia au sikukuambia?"

Kilichoniudhi kuliko vyote, na kinaniudhi hata sasa, ni kwamba alfajiri mama alichukua ndoo akaenda kitaluni. Msimu mzima uliofuata alikwenda. Baba alimgombeza, mimi nilikataa kuongozana naye kwa wiki nzima, na yeye alisema tu, "Miche haikuwepo kwenye mkutano." Yule kijana wa posho alikuja saa aliyoamua mwenyewe, akakaa kwenye kigoda kivulini, redio ya betri sikioni. Mama alimwagilia, akapogoa mizizi, akahamisha miche ya mti wa loliondo iliyochukua miezi kuota. Mama Elirehema naye alikuja, lakini hawakucheka tena. Walifanya kazi kila mmoja mwisho wake wa tuta. Aliponiita "mwanangu" nilijifanya sikusikia.

Mauzo ya pili yakapangwa. Safari hii kulikuwa na bango, viti vya kukodi, na wafadhili walikuwa wageni rasmi. Siku moja kabla, Mzee Anaeli alimtuma mtu amwambie mama kwamba kesho atahitajika jikoni, kupika chai ya wageni, na kwamba asilete watoto.

Mama aliniamsha kukiwa kunapambazuka. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nilidhani tunakwenda kupika chai. Tulipofika kitaluni alifungua lango la miti, akaliegemeza wazi kabisa, akasimama njiani. Ni saa ambayo wanawake wanarudi kutoka kukata majani ya ng'ombe. Wa kwanza alipopita na mzigo wake, mama akamwambia, "Weka majani chini. Chukua miche."

"Bei gani, Mama Ndeshi? Mauzo si ni saa nne?"

"Hamna bei. Mimi nimejitolea, na hii najitolea pia."

Yule mwanamke aliangalia huku na huku, akachukua. Mama akanitazama. "Ndeshi, panga kwenye vichwa vyao." Habari ile ilipanda mlima haraka kuliko moshi. Walikuja na karai, na vikapu, na mikokoteni ya mbao ya watoto. Walikuja wale waliocheka mkutanoni, na mama aliwapa sawa na wengine, mkono kwa mkono, akimwambia kila mmoja mche huu unataka maji, huu unataka jua, huu usiupande karibu na nyumba. Mikono yangu ilikuwa inauma kwa kunyanyua. Sijawahi kuwa na furaha yenye hasira kama ile, nilikuwa nataka kupiga kelele na nilikuwa nataka kuuma mtu.

Mama Elirehema alifika anakimbia, kitambaa mkononi. "Mama Ndeshi, usifanye hivi. Mabomba je? Tunakinga maji kwa kikombe."

Mama aliendelea kugawa. "Siku ya mkutano mdomo huu ulikuwa wapi?"

Mama Elirehema alisimama pale akihema. Hakumsaidia kugawa, wala hakumzuia.

Gari jeupe lilipofika na Mzee Anaeli mbele, amevaa tai, kitalu kilikuwa matuta matupu yenye alama za mviringo mahali viriba vilipokuwa. Mzee Anaeli alizunguka mara moja. Akamgeukia mkalimani. "Mwambie tumeibiwa. Wezi wameingia."

"Hakuna mwizi," mama alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Nimegawa mimi. Viriba nilivishona mimi, nikavijaza mimi, na nimegawa mimi."

Mkalimani alisema kitu, sijui alitafsiri nini. Yule mama wa Kizungu alikuwa anaangalia njia zote zinazopanda mlimani, na kwenye kila njia wanawake wamebeba miche vichwani, majani yanayumba juu yao. Akapiga makofi. Akatoa kamera yake akaanza kupiga picha. Alidhani hiyo ndiyo sherehe yenyewe.

Sitawadanganya kwamba tulishinda. Wafadhili hawakurudi, na mabomba yaliyokwisha kununuliwa yalilala nyuma ya kanisa hadi yakapasuka kwa jua. Tuliendelea kukinga maji kwa kikombe, mwaka huo na mwingine. Kwenye foleni ya chemchemi ndoo yetu ilisukumwa nyuma kila ilipofika mbele, na waliokuwa wanaisukuma walikuwa na miche ya mama imesimama kwenye mashamba yao. "Wenyeji kwanza," walisema, na safari hii hapakuwa na utani. Baba alipunguzwa kazini miezi hiyo hiyo. Akawa anafuata maji barabarani kwa baiskeli, na kuna jioni nilimsikia akimwambia mama kwamba hasira yake ni ya gharama, na kuna jioni nyingine nilimsikia akimwambia kwamba angekuwa yeye angechoma na lango. Mimi niliamini vyote viwili. Bado naviamini.

Baadaye, nilipokua, mwalimu mmoja alinieleza kwa upole kwamba mti wa asili ni jambo la mbegu na udongo, halihusu mtu kutoka Machame au Meru, na kwamba nilikuwa nimeelewa vibaya. Kuhusu miti nilielewa vibaya, ni kweli. Kuhusu watu nilielewa siku ileile ya kwanza, nimekaa kanisani masikio yanawaka.

Wazee wa kanisa walimweka mama chini ya nidhamu. Alihesabiwa ameharibu mali ya usharika, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana mpaka atakaposimama mbele ya watu na kutubu. Alikataa. Lakini hakukosa Jumapili hata moja. Wakubwa walipoinuka kwenda madhabahuni, yeye alibaki kwenye benchi pamoja na sisi tusiopata kipaimara, mikono mapajani, anaimba wimbo wa ushirika na kila mtu. Watu wakirudi kukaa walilazimika kupita mbele ya magoti yake. Mzee Anaeli alipita mbele ya magoti yake. Nilikuwa namwangalia usoni kila mara, na hakuwahi kuona aibu.

Hatimaye, mvua nyingine zilipoanza, mama alimwambia baba wakati wa chai ya asubuhi, "Nimechoka kukaa na watoto. Leo nitasimama."

Nilichukia. Nilikwenda kanisani nikiwa sitaki kumshika mkono. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, mama alitoka akaenda mbele, akageuka akatutazama. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Ninaomba radhi kwa sababu ya mabomba," alisema. "Kuna watoto na wazee wanaokinga maji kwa kikombe, na mimi nimewacheleweshea maji. Hao nawaomba radhi. Kwa miche siombi."

Mchungaji alisubiri kama kuna zaidi. Mzee Anaeli alikohoa, akataka kuinuka. Ndipo upande wa kwaya kukawa na kishindo cha benchi, na Mama Elirehema akatoka na joho lake, mnene vile, akasimama kando ya mama bila kumgusa.

"Na mimi, mchungaji," alisema. "Nilijua kitalu ni cha nani. Siku ya mkutano nilikaa na neno mdomoni, nikalimeza kwa sababu ya shemeji." Ile sauti yake kubwa ilikuwa imepungua mpaka waliokaa nyuma walinyoosha shingo. "Mama Ndeshi, nisamehe."

Mchungaji aliwawekea mikono wote wawili, akawaombea. Mama alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, siku ya mkutano hakulia, wala kwenye foleni ya maji. Walipomaliza, Mama Elirehema hakurudi kwenye kwaya. Alimfuata mama mpaka kwenye benchi letu, akasimama kwenye ujia akingoja, joho limelowa kwapani, macho yake kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mwisho.

Mama alipita mbele yangu akakaa, akajibana kumsogelea baba, akapiga ubao kwa kiganja ili nisogee, mwenzake apate nafasi. Kisha akanifinya paja, chini chini, kwa nguvu.

Sikusogea.